Kushuka Uwanjani kwa Injini Mgongoni

Jumapili, 22 Juni 1997. Didia.

Kamba ya kuvutia injini imekatika tena. Nimevuta mara moja, ikabaki mkononi kama mkia wa mjusi. Nikafunga ukanda wa mpira wa baiskeli. Mpira unavutika, injini haiwaki. Nimevuta mpaka bega limelia. Mwisho nimefungua kamba ya ndama wa jirani. Imewaka. Ndama katoroka.

Fundisho: kamba ya injini isiwe ya mpira. Na ndama afungwe kwanza.

Naandika kwa sababu Mzungu wangu alinizoesha. Kitu kikivunjika, andika siku hiyohiyo, ukilala juu yake asubuhi unakuta umeshajitetea. Yeye alikuwa anapima ardhi ya dhahabu kule Bulyanhulu. Mimi nilianza kwake kama dereva, nikawa fundi, nikawa rafiki. Alikuwa anaruka angani na injini mgongoni, pangaboi nyuma yake ndani ya kizimba cha mabomba, na juu yake bawa la kitambaa limefungwa kwa kamba nyembamba nyingi kuliko nywele za mzee. Anapiga picha za ardhi. Alinifundisha misimu miwili ya kiangazi. Kambi ilipofungwa alikuwa mwembamba kwa malaria, hata begi lilimshinda. Akaniachia mtambo wote.

Kwa hiyo mimi, darasa la sita, nimefika Lubumbashi, nimefika Mombasa, nimekula mpaka konokono, nina kitu kimoja zaidi. Nimeona mgongo wa mwewe akiwa anaruka. Nani mwingine hapa Didia ameona mgongo wa mwewe?

Jumatano, 25 Juni

Leo nimeruka. Asubuhi mapema, upepo umelala. Nimekimbia hatua chache, ardhi ikaniachia. Ng'ombe wa Didia wote wakatawanyika, wachungaji wakanitukana kwa Kisukuma kizuri sana, sijasikia vizuri kwa sababu ya injini.

Juu ya majaruba injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Kimya.

Ule ukimya sitaki kuuelezea.

Nimeshuka kwenye mabua ya mpunga, nimekaa kwa makalio kama mtoto anayefundishwa kutembea. Petroli niliipata kwa wachimba dhahabu wa Mwakitolyo, wanaoendeshea pampu za kuvuta maji mashimoni. Nimeimimina kwenye chupa ya kioo, nikaiacha itulie. Chini maji, juu petroli. Pampu yao inavumilia. Injini yangu ina aibu.

Fundisho: petroli ichujwe kwa kitambaa, itulie kwenye kioo, iangaliwe kwa macho yangu mimi. Siyo macho ya mtu aliyetoka shimoni.

Jumamosi, 28 Juni

Mama Kulwa kaniuliza, "Baba Kulwa, ukifia huko juu nikuzike wapi?"

Nimemwambia nitashuka kwanza.

Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka.

Alhamisi, 3 Julai

Mjomba Ngusa amefanya mazoezi ya ngoma. Waliokuja unaweza kuwaketisha kwenye benchi moja.

Mjomba ni kaka yake mama. Baba alipokufa yeye ndiye aliyenilea, na alinibeba mabegani kwenda kila mashindano. Yeye ndiye ningi wetu, yaani kiongozi wa ngoma, mtunzi wa nyimbo, mwenye dawa ya kuvuta watu. Enzi zake akiimba Didia, wa Tinde wanafunga maduka.

Ngoma zetu zinashindana hivi, na mtu asiyejua akiona atadhani ni wazimu. Makundi mawili, uwanja mmoja, muda mmoja. Kila ningi anaanzisha duara lake. Watu wako huru, wanahama wapendavyo. Jua likizama, duara lenye watu ndilo limeshinda. Hakuna hakimu. Na ningi akitoka ndani ya duara lake kabla jua halijazama, kwa sababu yoyote, amejitoa. Ni hivyo tangu mababu.

Mabula, ningi wa kundi pinzani, ametushinda miaka miwili. Mwaka juzi alileta fisi kamfunga kamba kama mbwa. Mwaka jana alileta spika na jenereta. Mjomba, mbele ya watu wote, alisimama akasema, "Akinishinda tena natundika ngoma zangu." Alisema. Neno hilo haliwezi kumezwa tena.

Siku ni tarehe nane Agosti, sikukuu ya wakulima. Mvua ilikuwa mbaya, mtama umekuwa wa kuchungulia, vijana wameondoka kwenda kuchimba. Wameondoka hata na majembe ya kuchezea. Majembe yaliyokuwa yanarushwa juu na kudakwa, sasa yanachokonoa mawe.

Basi nikasema kwa mdomo wangu huu mkubwa: mjomba, mimi nitashuka ndani ya duara lako kutoka juu. Fisi wa nani atashindana na mtu anayeshuka kutoka mawinguni?

Mjomba alinishika mkono muda mrefu. Akasema, "Wabeja, ng'wanawane." Asante, mwanangu.

Sasa lazima.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Siku ya aibu.

Mjomba alitaka nijaribu na mavazi. Njuga miguuni, manyoya ya mbuni kichwani, usinga wa mkia wa ng'ombe mkononi. Nilikubali. Nilijiona kwenye kioo cha baiskeli, nasema ukweli, nilikuwa mzuri.

Nimewasha injini nikiwa nimesimama. Watu wakapiga vigelegele. Nikainua usinga kuwapungia kama rais. Pangaboi likaumeza. Lilivuta mkia, likavuta na mkono, nikauachia usinga kwa bahati. Kisha mlio kama bunduki. Vipande vya pangaboi vikatoboa ndoo ya Mama Kulwa na kuua kuku mmoja.

Kuku tumemla. Mkono una vidole vyote, nimevigusa kimoja kimoja.

Fundisho: nyuma ya mgongo wangu kuna mnyama. Kisipite kitambaa, mkia, nywele, kamba, chochote. Nilijua. Mzungu aliniambia siku ya kwanza kabisa. Nilijua, lakini vigelegele vilikuwa vitamu.

Jumapili, 13 Julai

Pangaboi jingine halipatikani Shinyanga, halipatikani Mwanza, huenda halipatikani Afrika. Nimempelekea vipande mchonga vinu wa hapa kijijini. Kanichongea jipya la mninga kwa kufuatisha vipande. Amelipaka mafuta, linang'aa, unaweza kuliweka sebuleni.

Nimelining'iniza katikati kwenye spoku ya baiskeli, nione kama pande mbili zina uzito sawa. Upande mmoja ukashuka. Nikausugua kwa msasa, ukapanda mno. Nikausugua wa pili. Nimesugua tangu chai mpaka ng'ombe wamerudi. Mchonga vinu ananitazama. "Mbona unalipunguza hivyo, Baba Kulwa? Mwisho utaniletea kijiko."

Jumamosi, 19 Julai

Limeruka. Pangaboi la mninga la Didia limeruka.

Nilizunguka juu ya nyumba ya mjomba. Yeye alikuwa uani, mikono juu ya macho. Nikamwona mdogo kama punje. Mtu aliyenibeba mabegani. Nililia kidogo, upepo ukakausha, hakuna shahidi.

Kushuka, nimekuta bolti mbili za injini zimelegea na ya tatu haipo kabisa. Mbao hii inatetemesha. Pangaboi la kwanza lilikuwa linaimba, hili linakoroma. Nimefunga kila bolti kwa waya juu yake.

Fundisho: baada ya kila mruko, shika kila bolti kwa vidole. Ukiona kizuri, kagua zaidi.

Moyo hauko sawa. Mtambo unazeeka haraka kuliko ninavyojifunza.

Ijumaa, 25 Julai

Panya.

Nimefungua gunia la bawa. Harufu ya samli ikanipiga usoni. Kamba za upande wa kushoto zote zimepakwa mafuta, na ndani ya mafuta kuna unga mweusi. Dawa ya mjomba. Ile ya kuvuta watu. Aliomba ufunguo wa stoo jana akasema anatafuta kamba ya ngoma. Kumbe alikaa humo, akapaka kamba moja baada ya nyingine kwa vidole vyake, kwa ajili yangu, ili watu waje na nisianguke.

Halafu panya wakaja. Panya wa mwaka wa njaa. Wamekula kamba kwa sababu ya samli. Nyingine zimekatika, nyingine zimebaki uzi mmoja. Kitambaa wamekitoboa mahali pawili.

Nimekaa juu ya gunia, nikahesabu kamba zilizoliwa.

Mjomba kapita mlangoni. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Bawa linanukia vizuri?"

Nikamwambia linanukia vizuri sana, mjomba.

Ningemwambia nini? Mimi mdomo wangu umewashinda madereva wa Kitwe. Leo umesema uongo mmoja, nikarudi kwenye kamba.

Jumatatu, 28 Julai. Shinyanga mjini.

Nimekwenda dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi anayeuza vifaa vya baiskeli na nyuzi za kila aina. Baba yake alikuwa anamuuzia mjomba kengele za njuga. Kanionyesha nyuzi zote alizonazo. Ya maana ni moja tu, nailoni ya kufumia nyavu, ya wavuvi wa Mwanza. Haifanani na kamba za Mzungu. Zile ukivuta zinakataa kama ukuta. Hii ukivuta inakupa kidogo.

"Inabeba sangara," kasema.

"Mimi sangara?"

"Sangara hana domo kama lako. Chukua, zawadi kwa mzee Ngusa. Lakini ukianguka, Baba Kulwa, usiwaambie watu uzi ulitoka kwangu."

Tumecheka. Nimetoka nje, kicheko kikaishia mlangoni.

Matundu ya kitambaa ameyaziba fundi miavuli wa sokoni. Viraka vyeusi juu ya kitambaa cha njano. Kazi safi. Bawa sasa lina macho mawili.

Alhamisi, 31 Julai

Nimepima kamba mpya kwa kulinganisha na za kulia, nikazikata sawasawa. Nimeruka. Bawa likavuta kushoto. Nikashuka, nikafupisha. Nikaruka. Kushoto tena. Chini kamba zinalingana. Juu, uzito wangu ukizikalia, za wavuvi zinarefuka na za Mzungu zinabaki palepale.

Fundisho: kamba isipimwe ikiwa imelala. Ipimwe ikiwa imebeba mtu.

Sasa nimening'inia kwenye tawi la mkwaju saa nzima nikiwa nimevaa mikanda, Mama Kulwa akipima kwa fimbo. Tumefupisha tena. Amepima kwa makini kuliko mimi. Mwisho akasema, "Hii moja ina alama ya meno." Tukaikata tukaweka mpya.

Bado linavuta. Kidogo. Natembea nalo kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimekwenda kumwambia mjomba ukweli mmoja. Siyo ule wa panya. Wa upepo.

Nimemwambia: mjomba, kitu hiki ni cha asubuhi. Jua likipanda, ardhi yetu hii tupu inachemka, hewa inapanda kwa vipande vipande. Mchana kuna visulisuli, vile vinavyozungusha vumbi na majani ya pamba. Kisulisuli kikishika bawa kinalikunja kama nguo ya kufua. Mzungu mwenyewe, na kamba zake nzima, hakuwahi kuruka mchana hapa. Hata siku moja.

Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asubuhi watu watakuwa wapi, ng'wanawane?"

Majumbani. Njiani. Uwanja unajaa mchana. Mashindano ni ya jioni.

Akasema basi niache. Akasema kwa upole kabisa, bila hasira. "Acha. Tutapiga tu ngoma kama zamani."

Nikamtazama mikono. Mikono ya kupiga ngoma, mishipa imesimama kama mizizi. Nikamtazama yule mpiga ngoma wake wa pili, ambaye ana kikohozi cha mashimo ya dhahabu. Wachezaji kwenye benchi moja. Na upande wa pili Mabula, safari hii na chatu, wanasema, na spika mbili.

Nikasema, "Mimi kisulisuli nakipitia katikati."

Nilisema hivyo. Nikapiga na kifua. Akacheka, na mimi nikacheka. Tukala ugali.

Alhamisi, 7 Agosti

Kila kitu nimekagua. Petroli safi. Bolti zina waya. Kamba ya ndama imara. Bawa linavuta kushoto.

Kulwa na Doto wamelala juu ya miguu yangu, kila mmoja na wake. Sijui mchezo wao.

Sina fundisho.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika nimelala. Mguu wa kushoto umefungwa vipande vya mti, umevunjika mahali pawili. Macho yamefunguka jana.

Niandike sawasawa.

Nilingoja ng'ambo ya uwanja mpaka jua lianze kulegea. Upepo haukuwa mbaya. Nilijidanganya kwamba haukuwa mbaya. Nikakimbia na njuga miguuni, nikapanda.

Kutoka juu niliona maduara yote mawili. La Mabula nene, jeusi, kama nyuki kwenye tawi. La mjomba lilikuwa na mapengo, unaona vumbi katikati ya mtu na mtu. Mjomba yuko ndani, peke yake, anacheza. Katika maisha yangu sijaona kitu kidogo kama kile.

Halafu wakasikia injini. Nyuso zikageuka juu, zote kwa pamoja. Nikazunguka juu ya duara letu. Na watu wakaanza kuhama. Kwanza watoto, halafu kina mama, halafu wengi. Duara la Mabula likafunguka kama gunia lililokatwa. Mapengo yetu yakajaa. Likanenepa. Likanenepa likanenepa. Mimi niliona. Nasema tena, mimi niliona kwa macho haya, na hakuna mwingine aliyeona kutoka pale nilipokuwa. Tulikuwa tunashinda.

Kisulisuli kilitoka kwenye shamba la pamba lililovunwa. Nilikiona. Nilivuta kulia, bawa likaenda kushoto, kwa kawaida yake. Kikatushika. Kamba za wavuvi zikarefuka, zikakatika moja, mbili, kama nyama inayopasuka. Upande mzima ukakunjika. Nilizunguka, nikaona uwanja, anga, uwanja. Nikaangukia ua wa minyaa, nyuma kabisa ya uwanja.

Utomvu wa minyaa uliingia machoni. Moto. Sikuona chochote tena, lakini masikio yalikuwepo. Nilisikia miguu ya watu wengi sana inakuja, kama ng'ombe wanaokimbilia maji. Watu wote. Wa Mabula na wetu. Wema wao wote ukakimbia kuja kwangu, na duara la mjomba likabaki vumbi.

Na mbele ya miguu hiyo yote nikasikia njuga.

Nikajua. Mwenye njuga nzito kama zile alikuwa mmoja tu. Nikapiga kelele, "Mjomba rudi. Rudi ndani, jua bado."

Njuga zikaja tu. Zikafika. Akakaa chini, akaweka kichwa changu mapajani. Anahema kama mvukuto. Wakaleta maziwa ya ng'ombe kuniosha macho, akaniosha yeye mwenyewe.

Nikamwambia tena, "Mjomba, umetoka. Rudi hata sasa."

"Nyamaza. Fumbua jicho."

Jua lilizama tukiwa hapohapo. Sikuliona, ila nilisikia spika ya Mabula imezimwa. Wanasema Mabula mwenyewe alisimama katikati ya duara lake, watu wachache tu wamemzunguka, hakushangilia. Alivua kofia.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetaka kuandika fundisho. Nimeanza mara nyingi.

Kamba. Upepo. Samli. Domo. Nimeyakata yote.

Alhamisi, 21 Agosti

Mganga wa mifupa kasema nitatembea. Nitatembea vipi, hakusema.

Injini wamekuja kuiomba vijana wa Mwakitolyo, waifunge kwenye pampu. Nimesema wachukue. Nimewaambia wachuje petroli. Wakasema ndiyo mzee. Hawatachuja.

Jumapili, 24 Agosti

Wamenitoa nje nikae kwenye mkeka, jua bado changa.

Mjomba ametandaza bawa uani kwake, ninamwona kutoka hapa. Ana karai la maji na kipande cha sabuni ya mche. Anaosha kamba. Anashika kamba moja, anaipitisha kati ya vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, anaisugua, anaisuuza. Halafu inayofuata. Alipofika za kushoto akasimama. Akaleta karibu na macho kishina cha kamba ya zamani, kilichotafunwa na panya, akakigeuza kwenye mwanga. Akanusa vidole.

Akaitazama stoo.

Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama kuku.

Akaendelea kuosha. Hakuacha hata moja.

Lilipokauka alilikunja vizuri, kuliko nilivyowahi kulikunja mimi, akaingia nalo ndani ambako ngoma zimetundikwa. Mama Kulwa alipeleka uji, anasema amezifunika nalo zote, mpaka ile kubwa, ili zisishike vumbi. Viraka viwili vyeusi vinatazama mlangoni.

Amekuja akaketi kwenye mkeka wangu. Tumekunywa uji.

Upepo leo umelala kabisa. Hata jani la mtama halitikisiki.